CHOMBO KINACHOPIMA MAJI BILA NAHODHA

Simama kwenye daraja la Mto Ubungo utazame chini. Utaona nini? Utaona matope na mifuko ya plastiki. Lakini macho hayaoni vijidudu, wala hayaoni sumu.

Mto Ubungo humwaga maji yake katika Mto Msimbazi. Msimbazi huanzia vilima vya Pugu, hupita katikati ya jiji, na kuingia Bahari ya Hindi karibu na Daraja la Salenda. Njiani hupokea maji machafu ya viwandani na ya vyooni. Bondeni humo humo wako watu wanaomwagilia mchicha, na watoto wanacheza. Basi ni lazima maji yapimwe.

Droni ya majini ni nini?

Wengi tumeona ndege isiyo na rubani ikipiga picha harusini. Droni ya majini ni ndugu yake. Nyingine huelea kama mashua ndogo. Nyingine huzama.

Mwaka 2019 wataalamu wa Tanzania na Uingereza walitumia droni kama hizo katika bahari ya Pemba na Unguja. Walitaka kuijua bahari ambamo wavuvi wetu hupata samaki wadogo. Aina moja ina mabawa. Hujifanya nzito ikazama, kisha hujifanya nyepesi ikapanda. Mabawa hugeuza kupanda na kushuka huko kuwa mwendo wa mbele. Ikifika juu hutuma habari kwa setilaiti.

Inapima nini?

Hupima joto, chumvi, na hewa ya oksijeni iliyomo majini. Samaki naye anavuta hewa hiyo. Taka za vyooni zikiingia majini, bakteria huzila. Katika kuzila, huimaliza hewa, na samaki hufa. Kwa hiyo chombo kikionyesha kwamba hewa imepungua mahali fulani, wapimaji hujua waanzie hapo kutafuta uchafu unapotoka.

Haiwezi nini?

Droni hupima tu, haisafishi maji. Vipimo hivyo pia havionyeshi kijidudu cha kipindupindu. Kwa hilo, maji huchotwa kwenye chupa safi na kupelekwa maabara. Tena, mto mdogo uliojaa taka kama wetu ungeikwamisha droni. Hapa bado tunamhitaji mtu na chupa yake.

Tusisahau: mwezi Agosti 2015 kipindupindu kililipuka Dar es Salaam, kikaenea mikoa mingi. Watu walikufa.

Sisi tufanye nini?

1. Chemsha maji ya kunywa mpaka yatokote sawasawa. Yahifadhi katika chombo safi chenye kifuniko.
2. Kuchemsha huua vijidudu, lakini hakuondoi sumu ya viwandani. Usinywe maji ya mto huu, wala usimwagilie mboga.
3. Usitapishe choo mvua inaponyesha. Uchafu wako ni maji ya jirani yako wa chini.
4. Ukiona bomba linamwaga uchafu mtoni, au samaki wamekufa, mwambie mwenyekiti wa mtaa au afisa afya wa kata. Taja mahali, siku na saa.

Chombo kina vipimo, lakini hakikai mtoni kila siku. Wewe unakaa.

Maswali ya kikundi

1. Kwa nini samaki hufa taka zikiingia majini?
2. Kuchemsha maji kunaondoa nini, na hakuondoi nini?
3. Katika mtaa wenu, uchafu unaingia mtoni mahali gani?