Mwanga unaosoma dawa ndani ya damu

Mgonjwa wa Handeni, mkoani Tanga, aliyewekewa vali bandia ya chuma katika Taasisi ya Moyo Jakaya Kikwete (JKCI), Dar es Salaam, hurudi nyumbani na kidonge cha kumeza kila siku maisha yake yote: wafarini. Ikipungua, damu huganda kwenye vali, na bonge likichomoka likafika kwenye ubongo, anapata kiharusi. Ikizidi, anaweza kuvuja damu tumboni au kichwani.

Kinachoyumbisha dawa hii ni vitu vya kawaida kabisa. Wafarini huzuia kazi ya vitamini K, ambayo ini huitumia kutengeneza protini za kugandisha damu. Kisamvu na mchicha vimejaa vitamini hiyo. Msimu wa mvua mboga zikistawi na kuliwa kila siku, dawa hupungua nguvu. Kiangazi zikiadimika, dozi ileile inageuka kubwa mno. Septrini au flajili ya duka la dawa huiongezea wafarini nguvu, rifampisini ya kifua kikuu huipunguzia. Ndiyo maana mgonjwa hupimwa INR, yaani muda ambao damu yake inachukua kuganda ukilinganishwa na damu ya kawaida. Asiyetumia dawa huwa na 1 hivi. Mwenye vali ya chuma ya mitrali, mojawapo ya vali za moyo, kwa kawaida hutakiwa awe kati ya 2.5 na 3.5.

Je, hatuwezi kupima dawa yenyewe? Tunaweza, na mwanga ndio unaofanya kazi hiyo. Utando wa dhahabu wa unene wa nanomita 50 hivi, ukimulikwa, humeza mwanga katika pembe moja mahsusi. Mwaka 1983 watafiti wa Sweden walionyesha kwamba molekuli zikinasa juu ya utando wa metali wa namna hii, pembe hiyo inahama, na kuhama kwake kunaeleza zimenasa ngapi. Wafarini ina njia nyingine pia: ikijishika na albumini, protini ya damu, na kumulikwa kwa mionzi ya urujuanimno, hung'aa zaidi kuliko ikiwa peke yake.

Tatizo ni kwamba asilimia 99 hivi ya wafarini iliyomo kwenye damu imeshikwa na albumini na haifanyi kazi. Watu wawili wenye kiasi kilekile cha dawa wanaweza kuwa na INR tofauti kabisa, kwa sababu ya chakula na vinasaba. Kupima kiasi kunafaa zaidi kwa dawa mpya kama rivaroksabani. Maabara huzipima kwa rangi: kadiri dawa inavyokuwa nyingi, rangi ya njano inayotokea kwenye kichupa hupungua, na mashine huisoma kwa mwanga wa nanomita 405.

Lakini dawa hizo mpya hazifai kwa vali za chuma. Hata kwa wenye moyo ulioharibiwa na homa ya baridi yabisi na mapigo yasiyo na mpangilio, utafiti wa INVICTUS wa 2022, wenye wagonjwa zaidi ya 4,500, ulionyesha kwamba waliopewa dawa za kundi la wafarini walikufa wachache kuliko waliopewa rivaroksabani. Kwa hiyo naona haja ya kwanza ya Handeni na jirani yake Korogwe ni mashine ndogo inayosoma kuganda kwa tone la damu ya kidole, na baadhi yake hutumia mwanga kuona damu inapoganda.

Kuchoma kidole si jambo geni huku. Kituo cha Korogwe cha Taasisi ya Taifa ya Utafiti wa Magonjwa ya Binadamu (NIMR) kilishiriki majaribio ya chanjo ya malaria ya RTS,S, na kipimo cha haraka cha malaria kiko hadi zahanati. Kinachonitia wasiwasi ni upungufu wa damu, ambao malaria huuleta: seli nyekundu zikipungua sana, mashine nyingi za aina hii hutoa jibu lisiloaminika. Mgonjwa apimwe wingi wa damu kwanza, na vibanzi vya kupimia vitunzwe mbali na joto, kwani vingi havivumilii zaidi ya nyuzi 30.