Nishani ya Babu Haina Jina: Karatasi Yake Ndiyo Shahidi

Vita vikiisha, bunduki hurudishwa ghalani na magwanda huchakaa. Lakini kuna vitu vidogo ambavyo askari hurudi navyo nyumbani, vikadumu miaka mingi kuliko yeye mwenyewe. Nishani yenye utepe uliofifia, cheti cha kuachishwa jeshi kilichokunjwa mara nne, kitabu cha malipo, barua yenye muhuri wa mkaguzi wa kijeshi, picha ya kikosi: hivyo ndivyo vilivyomo katika kasha la bati la mzee aliyekuwa Keya. Watoto huvichezea, wajukuu hawajui maana yake, na siku mzee anapofariki kasha hufunguliwa na watu wenye haraka.

Vitu vya namna hiyo hiyo, vikifika London, huwekwa juu ya kitambaa safi, hupewa nambari na kunadiwa mbele ya wanunuzi waliotoka nchi nyingi. Kwa hiyo jamaa za askari hazina budi kufahamu mambo mawili: vitu hivi vina thamani gani, na thamani hiyo inatoka wapi. Asiyefahamu anaweza kuuza kwa bei ya kilo ya sukari kitu kisichopatikana tena. Na lililo baya zaidi, anaweza kuuza nishani akaitupa karatasi.

MNADA UNAVYOENDESHWA

Biashara ya kunadi vitu vya kale ina umri mkubwa. Nyumba ya Spink ya London, inayojulikana sana kwa sarafu na nishani, ilianza mwaka 1666. Sotheby's ilianza mwaka 1744 kwa kunadi vitabu, na Christie's ikafuata mwaka 1766.

Kabla ya mnada, kila kitu huchunguzwa na kuandikwa katika orodha pamoja na makisio ya bei. Mwenye mali huweza kupatana na dalali juu ya bei ya chini kabisa, ambayo wanunuzi hawaambiwi. Bei isipofika hapo, mali haiuzwi. Siku ya mnada dalali hupandisha bei hatua kwa hatua mpaka abaki mtu mmoja, kisha hugonga nyundo. Nyundo ikigongwa, neno limekwisha. Lakini bei ya nyundo siyo anayoilipa mnunuzi wala siyo anayoipata muuzaji. Mnunuzi huongezewa ada ya nyumba ya mnada, na muuzaji naye hukatwa sehemu yake. Mtu asiyeuliza habari za ada kabla ya kutia sahihi hushangaa anapopewa hesabu.

Jambo linalopandisha bei kuliko yote ni historia ya kitu iliyothibitishwa: kilikuwa cha nani, alikipataje, na kilipita mikononi mwa nani mpaka leo. Kitu chenye historia iliyoandikwa ni kama mtu mwenye ukoo unaojulikana. Kisicho nayo ni mgeni asiye na kwao.

NISHANI ZENYE JINA NA ZISIZO NA JINA

Jeshi la King's African Rifles liliundwa mwaka 1902 kwa kuunganisha vikosi vya Afrika ya Kati, Afrika ya Mashariki na Uganda. Askari wake walipigana na Mjerumani kuanzia mwaka 1914 mpaka Novemba 1918. Baada ya vita hivyo Waingereza walitoa nishani ya fedha yenye upana wa milimita 36. Katika ukingo wake ilichongwa nambari ya askari, cheo chake, jina lake na kikosi chake. Mtu akiigeuza nishani hiyo kwenye mwanga, jina la mwenyewe husomeka hata baada ya miaka mia moja.

Vita vya pili vilikuwa na desturi nyingine. Askari wa Afrika ya Mashariki walipigana na Mtaliana katika nchi za Somalia na Habeshi, kisha wakavuka bahari kwenda kumkabili Mjapani. Divisheni ya 11 ya Afrika ya Mashariki, ambayo alama yake ilikuwa kichwa cha kifaru, ilifika Burma mwaka 1944. Ikasonga mbele katika bonde la Kabaw wakati wa mvua kubwa, matope yakiwafika askari magotini na malaria ikiwaangusha wengi, na mwezi wa Desemba mwaka huo ikaingia Kalewa kando ya mto Chindwin. Wengi wa askari hao walistahili Nyota ya Burma, yenye ncha sita na utepe wa buluu iliyoiva, wenye mstari mwekundu katikati na wa rangi ya machungwa pande zote mbili. Waliopigana Habeshi walistahili Nyota ya Afrika.

Lakini Serikali ya Uingereza ilizitoa nyota hizo bila kuchonga majina. Nyota iliyovaliwa na mzee wa Gulu haina tofauti yoyote na nyota ya mtu mwingine wa Nyasaland au wa Liverpool. Zilitengenezwa kwa wingi mno, na nyingine zimeigwa baadaye. Ndiyo sababu nyota moja peke yake huuzwa kwa bei ndogo katika mnada. Nyota hiyo hiyo ikiwa pamoja na cheti cha kuachishwa jeshi, kitabu cha malipo na picha ya mwenyewe, huwa jambo lingine kabisa, kwa kuwa sasa ina mtu.

Nishani za ushujaa hazikuwa hivyo. Msalaba wa Victoria, ulio mkubwa kuliko nishani zote za Uingereza, huchongwa jina nyuma yake. Sajini Nigel Leakey wa King's African Rifles aliupata baada ya kufa kwake, kwa ushujaa aliouonyesha dhidi ya vifaru vya Mtaliana huko Colito, nchini Habeshi, tarehe 19 Mei 1941. Askari Waafrika nao walipewa nishani za fedha za ushujaa zilizochongwa majina, na mpaka mwaka 1942 King's African Rifles ilikuwa na nishani yake yenyewe ya namna hiyo. Jamaa yenye nishani ya fedha katika kasha na iangalie ukingo wake vizuri kabla ya kusema kwamba ni chuma cha zamani tu.

WALIOACHA JINA TU

Wako askari ambao hawakurudi na kitu chochote. Tarehe 12 Februari 1944 meli Khedive Ismail, iliyokuwa safarini kutoka Mombasa kwenda Colombo, ilipigwa na nyambizi ya Kijapani karibu na visiwa vya Maldives, ikazama kwa muda wa dakika chache. Watu 1,297 walikufa, na wengi wao walikuwa askari wa mizinga wa Afrika ya Mashariki. Kwa jamaa za watu hao, barua moja ya mwisho au picha moja iliyopigwa kabla ya safari ndiyo kaburi. Hakuna dalali anayeweza kuikadiria bei yake.

Majina yenyewe huweza kupotea pia. Mwezi wa Januari 1980 bei ya fedha ilipanda ghafla duniani mpaka ikakaribia dola 50 kwa wakia. Watu wengi waliokuwa na nishani za fedha za vita vya kwanza waliziuza kwa uzito wake, karibu wakia moja kila nishani, nazo zikayeyushwa. Miezi michache baadaye bei ya fedha ilianguka. Majina yaliyokuwa ukingoni hayakurudi.

SAHIHI NA BARUA

Wakusanyaji wengine hutafuta sahihi za watu mashuhuri. Hapa napo ni lazima kuwa na macho makali. Wakuu wengi walikuwa na makarani wa kuwatilia sahihi, na marais wa Marekani wametumia mashine inayoandika jina kwa kalamu ya kweli. Sahihi mbili zinazolingana kabisa, nukta kwa nukta, hutia shaka, kwa maana mkono wa binadamu haurudii kitu sawasawa. Barua nzima ina thamani kuliko sahihi iliyokatwa kwa mkasi, kwa sababu barua hueleza habari.

Mfano mkubwa wa udanganyifu ulitokea Ujerumani mwaka 1983. Gazeti moja maarufu, Stern, lilitoa karibu marki milioni 9.3 kununua vitabu vilivyodaiwa kuwa shajara za Hitler. Wataalamu walipopima karatasi waliona kwamba ina dawa ya weupe iliyoanza kutumika baada ya vita. Hata herufi zilizobandikwa juu ya jalada hazikuwa za jina lake. Mwandishi wa kweli alikuwa Konrad Kujau, mtaalamu wa kughushi, naye akafungwa mwaka 1985. Wenye fedha na elimu walidanganyika kwa sababu walitaka sana kuamini, wakanunua kwanza na kupima baadaye.

VITABU VYA KALE

Kitabu hakiwi na thamani kwa uzee peke yake. Huulizwa kama ni chapa ya kwanza, kama kurasa zote zimo, kama jalada ni lake la asili, na ni nakala ngapi zilizobaki. Kitabu cha Zaburi kilichochapwa Massachusetts mwaka 1640 kiliuzwa New York mwezi wa Novemba 2013 kwa dola 14,165,000, na nakala zake zinazojulikana ni 11 tu.

Uganda nayo ina kitabu chenye hadithi yake. Biblia ya Kiganda iliyokamilika mwaka 1896 ilichapwa kwa umbo fupi na nene ipate kuingia katika mkebe wa biskuti, ili mchwa wasiile. Waliofanya hivyo walijua adui wa karatasi katika nchi hii ni nani. Tena yalikuwako magazeti ya Kiswahili ya askari wakati wa vita, kama Askari na Heshima, ambayo yalisomwa na kupitishwa mkono kwa mkono. Gazeti lililofungiwa karanga jana huweza kuwa ushahidi wa historia kesho.

KUTUNZA NYUMBANI

Katika nyumba nyingi mama ndiye mwenye ufunguo wa kasha. Mambo yafuatayo hayahitaji gharama kubwa.

Kwanza, nishani isisuguliwe. Askari amezoea kung'arisha vifungo mpaka vimwonyeshe uso, lakini dawa ya kung'arishia hula herufi za jina kidogo kidogo. Kitambaa laini kikavu kinatosha. Utepe usifuliwe kwa sabuni, hata ukiwa mchafu.

Pili, nishani ifungwe peke yake katika kitambaa cha pamba, mbali na karatasi, kwa maana shaba hutia madoa. Karatasi zifunguliwe mikunjo polepole na kulazwa ndani ya bahasha kubwa. Gundi na utepe wa selotepu visitumike kamwe, wala mfuko wa nailoni unaotoa jasho.

Tatu, kasha liwekwe juu ya matofali, mbali na ukuta na mbali na jiko. Lifunguliwe mara moja kila mwezi siku ya jua, lipate hewa, lakini karatasi zisianikwe juani. Kafuri iliyofungwa katika kitambaa na kuwekwa pembeni hufukuza nondo na mende.

Nne, kila picha iandikwe nyuma kwa penseli laini: nani amesimama, nani ameketi, wapi, mwaka gani. Kalamu ya wino hupenya mpaka usoni mwa picha. Cheti na kitabu cha malipo vipigwe picha, na nakala iwekwe kwa ndugu mwingine anayekaa mji mwingine.

Tano, habari za mwenyewe ziandikwe katika daftari: jina lake na la baba yake, kijiji, nambari ya jeshi, kikosi, mahali alipopigana na mwaka aliorudi. Kama mzee amekwisha kufariki, waulizwe waliosikia kinywani mwake, kabla na wao hawajaondoka.

Jambo moja halina mjadala. Risasi, bomu la mkono au kombora la zamani si ukumbusho. Vitu hivyo vikionekana ndani ya kasha au shambani visiguswe, watoto waondolewe mahali hapo, na polisi waitwe. Baruti haizeeki kwa namna ya kuaminika.

KUUZA AU KUTOUZA

Hakuna anayeweza kumlaumu mjane mwenye watoto wa shule akiamua kuuza. Lakini mauzo yafanywe kwa akili. Nishani za mtu mmoja zisigawanywe baina ya warithi, huyu nyota ya Burma na yule nyota ya Afrika, kwa sababu zikitengana thamani yake hupungua na hadithi hukatika. Ni afadhali ukoo ukae kitako, uchague mtunzaji mmoja na kuandika makubaliano. Mnunuzi anayepita mlangoni na kuharakisha mambo aambiwe arudi wiki ijayo, mwaminifu atarudi. Sheria juu ya kupeleka vitu vya kale nchi za nje iulizwe kwanza. Na ukoo ukipenda vitu vikae mahali salama pa wote, upo mlango wa jumba la makumbusho, kama lile la Uganda lililoanzishwa mwaka 1908 na ambalo liko Kitante, Kampala, tangu mwaka 1954. Anayekabidhi kitu na apewe hati.

Katika sherehe za kukumbuka vita, desturi ya Waingereza huwaruhusu watoto na wajukuu kuvaa nishani za wazee wao, lakini upande wa kulia wa kifua. Upande wa kushoto ni wa yule aliyezipigania. Mtoto anayevalishwa hivyo sharti aambiwe ni za nani, zilipatikana wapi na kwa taabu gani. Akiyajua hayo, nyota isiyo na jina itakuwa nalo, maadamu mtoto huyo anakumbuka na daftari lipo ndani ya kasha.