Pima kwanza, kata nyuma: namna maua ya ukuta yalinishinda hesabu

Wandugu na wadada, leo nawaelezea kosa langu, ili ninyi musilirudie.

Nilipomaliza lisansi yangu ya uchumi, nilipanga kanyumba ka vyumba viwili hapa Bukavu. Mama, ambaye aliuza maharagi miaka yote ili nilipe minervali, akatuma habari kwamba anakuja kuniona. Ukuta wa saloni ulikuwa madoa-madoa. Nikasema: apana, Mama hatakaa mbele ya ukuta huu. Nikaenda kutafuta karatasi ya ukuta, ile yenye maua.

Nikapiga hesabu. Ukuta uko na upana wa metre 4.20, na toka chini mpaka plafo ni metre 2.40. Rulo ya kawaida ya Ulaya iko na upana wa sentimetre 53 na urefu wa metre 10.05. Upana wa ukuta ukigawanya kwa 0.53, unapata vipande 8. Kila kipande nikakipa metre 2.50, maana unaacha sentimetre 5 juu na 5 chini za kusawazisha mwishoni. Rulo moja, vipande 4. Basi rulo 2 zinatosha. Nilijiona mwanauchumi kweli!

Kumbe maua iko na sheria yake. Kwenye etiketi ya rulo kuliandikwa 64: maana yake, ua linarudia kila sentimetre 64. Ili ua la kipande hiki likutane na la jirani yake, kila kipande lazima kianzie pahali pamoja pa mchoro. Cha kwanza kinaanzia 0, cha pili 2.56, cha tatu 5.12, cha ine 7.68. Toka 7.68 mpaka mwisho wa rulo inabaki metre 2.37. Ukuta unaomba 2.40. Sentimetre tatu tu, wandugu! Nikabaki na vipande 6 pahali pa 8. Rulo ya tatu niliyoenda kununua ilikuwa na namba ingine ya loti: maua ni yale yale, lakini rangi imepauka kidogo.

Sasa, wewe ufanye hivi:

1. Tayarisha ukuta. Toa rangi inayobanduka, ziba matundu, piga msasa, pangusa vumbi. Juu ya mvua yetu, jaribu unyevu: bandika kipande cha plastiki ukutani, ziba pembeni zote, ngoja siku moja ao mbili. Ukiona matone nyuma yake, usibandike kitu. Tafuta kwanza maji yanatokea wapi.

2. Soma etiketi mbele ya kulipa. Namba ya loti iwe moja kwa rulo zote. Ukiona 64/32, ni kwamba ua linarudia kila 64 na kipande cha pili kinashuka 32. Hapo kata kwa kubadilishana rulo mbili, utapoteza kidogo.

3. Hesabia mchoro, si ukuta peke yake. Urefu pamoja na akiba, upandishe mpaka kizidisho cha mchoro: 2.50 inakuwa 2.56. Ndipo ugawanye rulo.

4. Kata kipande cha kwanza kwenye meza safi. Kunjua cha pili pembeni yake, linganisha maua, ndipo ukate. Nyuma andika namba kwa kalamu ya risasi na mshale unaoonyesha juu.

5. Wembe ubadilishe mara kwa mara. Wembe butu unapasua karatasi yenye kole.

6. Karatasi ya kawaida ukiipaka kole inapanuka. Ikunje kole ndani, uiache dakika zilizoandikwa kwenye etiketi. Vipande vyote vingoje muda sawa, bila hivyo maua hayatakutana.

Mama alifika siku ya posho. Akakaa, akaangalia nyuma ya kabati, pahali rangi inabadilika. Akauliza: «Mwanangu, pale makuta iliisha?» Nikamujibu: «Apana Mama, ni hesabu ndio ilinishinda.» Akacheka mpaka machozi, kisha akasema yeye alipouza maharagi alipima kila kopo mara mbili.

Diplome iko ukutani, juu ya maua yale. Metre ya kupimia iko mfukoni.