Choo Cheusi si Jambo la Kungoja

Kongosho ni tezi iliyojificha nyuma ya mfuko wa chakula. Kwa watu wachache sana, ateri na vena za tezi hiyo huungana moja kwa moja, bila kupitia vijishipa vyembamba, na damu huingia kwenye vena kwa nguvu isiyo ya kawaida.

Wapo wasiohisi lolote. Wengine huumwa tumbo la juu, hutapika damu au hupata choo cheusi kama lami. Vidonda vya tumbo, vilivyo vingi zaidi, huleta dalili hizo hizo. Kwa macho tu huwezi kuvitofautisha.

Kwa hiyo, ndugu mkazi wa Rungwe, uonapo choo cha namna hiyo usikae nyumbani ukijaribu mizizi, wala usimeze aspirini. Wahi Hospitali ya Wilaya, Makandana, mjini Tukuyu. Ikilazimu, safari ya kwenda Hospitali ya Rufaa ya Kanda, Mbeya, ni kiasi cha kilometa 70.

Tiba ni upasuaji wa kuondoa sehemu yenye kasoro, au kuiziba mishipa hiyo kwa kupitisha mrija mwembamba ndani yake, ufundi unaofundishwa Muhimbili tangu 2018. Nanyi jamaa, msimsindikize mgonjwa kwa maneno matupu: jitoleeni damu.