Mashine ya kujaza risasi: usilipe kabla ya kuuliza
Mkazi wa Machakos anayemiliki bastola kihalali anaweza kuvutiwa na mashine iliyotumika ya kujaza upya maganda ya risasi. Bei huenda ikawa nafuu, lakini mashine ndiyo sehemu rahisi. Sheria ya Bunduki, Sura ya 114, hairuhusu raia kuwa na risasi bila cheti, nacho cheti hutaja idadi anayoruhusiwa. Baruti nayo iko chini ya Sheria ya Vilipuzi, Sura ya 115. Kwa hivyo mnunuzi aulize Bodi ya Kutoa Leseni za Bunduki kabla ya kulipa hata shilingi. Tena mashine iliyochakaa haiaminiki: ikimimina baruti mara mbili katika ganda moja, bastola yaweza kupasuka mkononi.