Sosi za Wageni Wetu: Zipi Zinunuliwe Hapa, Zipi Zitengenezwe, Zipi Zije na Begi

Kila mwaka ofisi yetu ya miradi hupokea vijana wa kujitolea na familia za wafanyakazi kutoka kwa marafiki zetu wa Ujerumani, Marekani na nchi za Skandinavia. Wengi wa vijana wa Kijerumani huja kupitia mpango wa weltwärts, ulioanzishwa na serikali ya Ujerumani mwaka 2008, na hukaa nasi karibu mwaka mzima. Maswali ya kwanza ya kamati za mapokezi huwa ni chandarua, maji ya kunywa na usafiri. Baada ya wiki mbili au tatu huja swali jingine, tena kwa sauti ya chini: mgeni anatafuta haradali, au siagi ya karanga, au mayonezi, je, tutaipata wapi?

Tumeona ni vyema tulieleze jambo hili kwa kirefu kidogo, kwa kuwa limekwisha kugusa fedha na limekwisha kugusa mioyo. Katika usharika mmoja mama mwenyeji alimwona mgeni wake akimimina tomato sosi juu ya wali na mchuzi wa kuku alioushughulikia tangu asubuhi. Mama hakusema neno. Kuanzia kesho yake akawa anampikia mgeni chipsi kila siku, akiamini kwamba chakula chake kimekataliwa. Mgeni naye, ambaye aliupenda ule mchuzi, akabaki anajiuliza kwa nini hauoni tena mezani. Habari ilijulikana pale tu gharama za mafuta na viazi zilipofikishwa kwenye kamati.

Ni vyema ikaeleweka kwamba meza ya wenzetu imepangwa tofauti na yetu. Kwetu ladha huingia chunguni: kitunguu, nyanya, nazi, binzari na chumvi vinamalizana humo, na mlaji hupewa chakula kilichokamilika. Katika nyumba nyingi za Ujerumani na Marekani nyama, soseji au viazi hupikwa kwa viungo vichache, kisha kila mlaji hujiongezea mwenyewe mezani kutoka kwenye chupa au kopo. Baba anapaka haradali, mtoto anamimina kechapu, na mpishi hachukii. Mtoto aliyekua hivyo, akiwa na miaka 19 na yuko mbali na kwao, ulimi wake unaitafuta ile chupa. Sisi wenyewe tunalo la kufanana na hilo. Nyama choma ikifika mezani tunaomba pilipili, limao na kachumbari, na hakuna anayedai kwamba mchomaji ametukanwa. Vilevile, ndugu zetu wanaokwenda masomoni Ulaya hawasafiri bila dagaa na unga.

Tuanze na kechapu, ambayo ndiyo rahisi kuliko zote. Jina lake lina asili ya Kichina cha kusini, ambako lilikuwa jina la mchuzi wa samaki waliochachushwa. Wafanyabiashara wa Kiingereza walilichukua jina hilo, wakawa wanatengeneza sosi yao kwa uyoga na vitu vingine, bila nyanya hata moja. Maelekezo ya kutengeneza kechapu ya nyanya yalichapishwa Marekani na James Mease wa Philadelphia mwaka 1812, na mwaka 1876 kampuni ya Heinz ya Pittsburgh ikaanza kuiuza katika chupa. Mwanzoni mwa karne ya 20 kulikuwa na ubishi mkubwa Marekani juu ya dawa za kuhifadhi chakula. Heinz waliacha dawa hizo, wakatumia nyanya zilizoiva kabisa na kuongeza siki na sukari ili sosi isiharibike. Ndiyo maana kechapu ya Kimarekani ni nzito, tamu na chachu kwa pamoja.

Tomato sosi zinazotengenezwa Tanzania, kama vile Dabaga ya Iringa na Redgold, zinapatikana hata katika miji midogo, na mgeni akizionja mara mbili tatu huzizoea. Kamati isome maandishi ya nyuma ya chupa. Sosi ambayo nyanya zimetajwa mwanzoni ni tofauti na ile ambayo maji, sukari na wanga wa mahindi vimetangulia, kwa kuwa viungo huandikwa kwa kufuata wingi wake. Ile ya wanga ni rahisi kwa bei na inafaa kwenye chipsi za barabarani, ila mgeni ataisukuma pembeni, na hapo fedha imepotea. Hatuoni sababu yoyote ya kuagiza kechapu kutoka nje kwa fedha za mradi.

Haradali ndiyo inayosumbua zaidi, hasa kwa Wajerumani. Inashangaza kidogo, maana hakuna mkristo kwetu asiyeijua punje ya haradali kutoka Injili, lakini ni wachache waliowahi kuiona ikiwa mezani. Mboga ya loshuu inayolimwa Arusha ni ya ukoo huohuo. Wajerumani wanayo haradali ya ukali wa wastani kwa soseji za kila siku, na watu wa Bavaria wana nyingine tamu kwa soseji zao nyeupe. Wafaransa wana ile kali inayoitwa ya Dijon. Wamarekani wana ya njano, laini, ambayo kampuni ya French's iliitambulisha mwaka 1904 katika maonyesho ya dunia ya St. Louis. Wengi hudhani rangi ile ni ya haradali yenyewe. Kwa kweli inatokana na manjano, hii hii tunayotia kwenye mchuzi.

Na msidhani kwamba Mfaransa analima haradali yake yote nyuma ya nyumba. Sehemu kubwa ya mbegu zinazosagwa Ufaransa hutoka Kanada. Ukame ulipoipiga Kanada mwaka 2021, mwaka uliofuata rafu za maduka ya Ufaransa zilikuwa tupu, na watu walipangiwa idadi ya chupa za kununua.

Mbegu zenyewe zipo hapa. Nendeni kwenye duka la viungo la Kihindi katika mji wowote mkubwa, muombe rai. Ni punje ndogo za kahawia au nyeusi ambazo Wahindi hukaanga kwenye mafuta kabla ya kutia mboga. Punje nzima haina ukali. Ukali hutokea pale inaposagwa na kukutana na maji, kwa sababu vitu viwili vilivyokuwa vimetengana ndani ya punje huchanganyika na kuzaa kile kinachochoma pua. Hivyo maji yawe ya baridi. Maji ya moto huua nguvu hiyo, na wengi waliojaribu wakapata uji mchungu usio na ukali walikosea hapo. Siki nayo isitiwe mapema, kwa kuwa huusimamisha ukali pale ulipofikia.

Saga vijiko vinne vya chakula vya rai katika kinu au mashine ya kusagia viungo. Changanya na vijiko vinne vya maji baridi, acha kwa dakika kumi, kisha tia vijiko viwili vya siki, nusu kijiko cha chai cha chumvi, asali kidogo na manjano kidogo kwa rangi. Ikiwa nzito mno ongeza siki. Usiionje siku hiyo ukakata tamaa, maana mwanzoni huwa chungu. Iweke kwenye chupa safi yenye kifuniko, na baada ya siku mbili tatu uchungu hupungua. Akina mama wa sharika mbili wameitengeneza kwa njia hii, na wageni wao waliacha kuagiza kwa posta.

Siagi ya karanga ni kilio cha Wamarekani zaidi kuliko Wajerumani. Hapa tuna karanga za kutosha kutoka Dodoma, Tabora na kwingineko, na kazi yenyewe ni kukaanga, kupepeta maganda, kusaga mpaka mafuta yatoke, na kutia chumvi. Mafuta yakielea juu baada ya siku chache si dalili ya kuharibika. Koroga tu. Kopo la dukani halitengani kwa sababu limetiwa mafuta yaliyogandishwa kiwandani, na mara nyingi na sukari pia.

Hata hivyo, kuna jambo ambalo hatutaki kamati yoyote ilipuuze, nalo ni sumukuvu. Hii ni sumu ya ukungu unaoota kwenye karanga na mahindi yasiyokaushwa vizuri. Mwaka 2016 katika mikoa ya Dodoma na Manyara watu waliugua na wengine kufariki kutokana na sumu hiyo katika chakula. Kukaanga hakuiondoi yote. Punje zilizokunjamana, zilizobadilika rangi, zilizovunjika au zenye ukungu zitupwe kabla ya kukaangwa, tena zitupwe kabisa, wala zisipelekwe kwa kuku. Karanga zilizokwisha kusagwa sokoni huwezi kuzichambua, hivyo tunashauri mnunue punje nzima. Jambo hili ni kwa ajili ya watoto wetu kwanza, kisha ndiyo mgeni.

Kuhusu mayonezi tunasema nunueni. Ni mafuta, kiini cha yai na siki au limao, na mgeni anaweza kuwaonyesha namna ya kuipiga kwa mkono mpaka inashikana. Lakini yai ni bichi. Viwandani hutumia mayai yaliyopashwa moto kwa kipimo ili kuua vijidudu. Nyumbani, tena pale umeme unapokatika mchana kutwa, ya kutengeneza iliwe mlo huohuo, na wasipewe watoto wadogo, wajawazito wala wagonjwa. Ya chupa ikishafunguliwa nayo hukaa kwenye friji. Usharika usio na friji ununue chupa ndogo.

Vipo vitu ambavyo havina mbadala hapa. Waingereza wana Marmite, iliyoanza kutengenezwa Burton upon Trent mwaka 1902 kwa chachu inayobaki baada ya kutengeneza bia. Waaustralia wana Vegemite ya namna hiyohiyo. (Wazee wa Kanisa wasiwe na hofu, hakuna mtu atakayelewa.) Waswidi wana Kalles Kaviar, mayai ya samaki yenye chumvi yaliyowekwa kwenye tyubu kama dawa ya meno, ambayo hupakwa juu ya yai la kuchemsha. Ukipewa, onja. Vitu hivi haviwezi kutengenezwa nyumbani, na kuvitafuta madukani ni kupoteza nauli. Vije na mgeni mwenyewe.

Kwa wageni wanaokuja na orodha za zamani za maduka, tunapenda kuwafahamisha kwamba orodha hizo hazifai tena. Shoprite iliondoka Tanzania, Uchumi ilifunga maduka yake hapa mwaka 2015, na Nakumatt nayo iliporomoka hadi wadai wake wakaamua mwaka 2020 kwamba ifungwe. Kwa sasa bidhaa za nje ziko katika supamaketi za Dar es Salaam, Arusha, Moshi na Mwanza, kwa majina yanayobadilika mara kwa mara, na bei yake ni ya juu. Tunashauri mgeni anunue vitu hivyo kwa posho yake binafsi. Fungu la chakula katika bajeti ya mapokezi lihesabiwe kwa chakula cha nyumba mwenyeji, pamoja na chupa ya tomato sosi.

Neno letu kwa wafadhili na sharika rafiki ni hili. Tunajua vifurushi mnavyowatumia vijana wenu vinatoka moyoni. Lakini chupa ya haradali inayotumwa kwa posta hulipiwa gharama ya kutuma, kisha huku ushuru wa forodha na VAT, na kijana hupoteza siku ya kazi kuifuata mjini. Mara nyingine hufika imepasuka juu ya barua. Mkitaka kumfurahisha, mtumieni barua, na fedha ya kifurushi anunulie siagi ya karanga kwa kikundi cha usharika anaokaa.

Vikundi hivyo navyo visikimbilie kuona wageni kama soko. Wageni ni wachache na huondoka. Kikundi kinachotaka kuuza kifikirie kwanza walaji wa hapa, shule na hosteli. Msimu wa nyanya unapofika, kama kule Ilula mkoani Iringa, matenga hujaa na bei huanguka, na kila mtu huona sosi kama jibu. Kinachokula fedha si nyanya bali chupa, kifuniko na kuni. Fanyeni hesabu hiyo kabla ya kuomba mkopo. SIDO wanatoa mafunzo ya usindikaji, na tangu mwaka 2019 usalama wa vyakula vilivyosindikwa unasimamiwa na TBS, hivyo swali la alama ya ubora lipelekwe huko.

La mwisho ni kuhusu mizigo. Tangu mwaka 2006 viwanja vya ndege vimezuia vimiminika vya zaidi ya mililita 100 katika begi la mkononi, na viwanja vingi bado vinafanya hivyo. Haradali, kechapu na hata siagi ya karanga huhesabiwa kuwa kimiminika. Ziwekwe kwenye begi kubwa linaloingia tumboni mwa ndege, ndani ya mfuko wa plastiki uliofungwa, na chupa za kioo ziviringishwe kwa soksi nene. Soksi hizo zitafaa pia Julai kwa watakaokaa sharika za milimani.