Sola Juu ya Paa: Sheria Inampa Mkazi Nini?

Mwenye nyumba wa Kisauni au Likoni akiweka paneli za sola, umeme mwingi hupatikana adhuhuri, wakati watu wako kazini na watoto wako shuleni. Usiku taa na feni zikiwaka, paneli hazitoi kitu. Je, ule umeme wa mchana huenda wapi?

Jibu limo katika Sheria ya Nishati ya 2019. Kifungu cha 162 kinamruhusu mteja wa stima mwenye mtambo usiozidi megawati 1 kuomba mkataba na msambazaji wa umeme, ambaye kwa wakazi wa Mombasa ni Kenya Power, ili umeme unaobaki uingie kwenye laini. Mita yake huhesabu umeme unaoingia na unaotoka. Kanuni za kutekeleza kifungu hicho zilitoka 2024, miaka mitano baada ya sheria yenyewe.

Hapa wengi hukosea hesabu. Mteja hapewi pesa taslimu. Hupewa salio la kupunguza bili yake, tena nusu tu: akitoa yuniti 10, anahesabiwa 5. Fundi anayeahidi kwamba sola itajilipa kwa kuuza umeme hajasema yote. Faida kubwa iko kwenye umeme unaotumika papo hapo mchana: friji ya duka la samaki, pampu ya kisima, mashine ya kinyozi, cherehani. Familia inayorudi nyumbani jioni itangoja zaidi kuona faida hiyo.

Kuunganisha sola na laini bila mkataba ni hatari. Stima ikipotea na mafundi wakapanda nguzo wakidhani laini haina umeme, ule unaotoka kwenye paa la mtu unaweza kuwaua. Ndiyo sababu kazi hii inataka fundi mwenye leseni ya Mamlaka ya Udhibiti wa Nishati na Petroli (EPRA). Mkazi aombe kuiona leseni hiyo kabla ya kutoa arbuni. Aulize pia vyuma vya kushikilia paneli ni vya aina gani, kwani upepo wa bahari una chumvi na chuma cha kawaida hushika kutu upesi.

Wapangaji hawana paa la kuweka paneli, lakini sheria ina upande wa matumizi pia. Kanuni za 2016 zinataka friji na viyoyozi vipya viwe na lebo ya nyota, 1 hadi 5. Nyota zikizidi, kifaa hula umeme kidogo. Friji huwa imewashwa usiku na mchana, kwa hivyo ile ya bei nafuu dukani huenda ikawa ghali kwenye tokeni.

Balbu nazo zina hesabu yake. Ile ya zamani ya wati 60, ikiwaka saa 5 kila siku, hutumia yuniti 9 kwa siku 30. Ya LED ya wati 9 hutumia 1.35.